Somo la Uendelevu Lisiposhika kwa Wahandisi: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Mwalimu mwenzangu, ukifundisha uendelevu na fikra za mifumo (kutazama jinsi sehemu za kitu zinavyoathiriana) katika kitivo cha uhandisi kwa muda wa kutosha, utaona matatizo yaleyale yakijirudia. Wanafunzi wanafaulu mtihani, wanaandika insha nzuri, halafu wakifika kwenye mradi wa mwaka wa mwisho wanabuni kana kwamba hawakuwahi kukaa darasani mwako. Kwa miaka mingi niliamini kwamba hawajali. Sasa naamini wengi wao wanajali sana, na kinachowakwamisha ni sisi tunavyowaandikia maswali. Tunachora mpaka wa tatizo wenyewe, tunauficha ndani ya data tulizowapa, kisha tunawalaumu kwa kutotazama nje yake.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Tafuta ile inayofanana na unachokiona darasani, uanzie hapo.

Kipimo cha kufanya kabla ya kugusa chochote

Chukua mtihani wako wa mwisho pamoja na mwongozo wa kusahihisha. Piga mstari kwenye kila swali la uendelevu linaloweza kujibiwa kwa maneno mazuri tu. Sasa tazama yaliyobaki: je, kuna hata moja ambalo mwanafunzi aliyepuuza somo lako atapata namba isiyo sahihi, au atachagua kifaa kisichofaa? Kama hakuna, anza na dalili ya kwanza, hata kama unadhani tatizo lako ni jingine.

Dalili: uendelevu unaonekana kwenye ukurasa wa mwisho wa ripoti tu

Unaijua ripoti hiyo. Kurasa 40 za mizigo, michoro na uchaguzi wa vifaa, kisha aya mbili chini ya kichwa "Athari kwa mazingira" zinazoahidi kwamba miti itapandwa. Ziondoe aya hizo, na hakuna boliti hata moja itakayobadilika.

Chanzo kikubwa ni swali lenyewe. Tunampa mwanafunzi kazi ambayo maamuzi mazito yamekwisha kufanywa. Mfano ninaoutumia kila mwaka ni wa pampu. Swali la kawaida linasema: maji ya kiasi fulani yapite kwenye bomba la kipenyo cha milimita 100, urefu wa mita 200, lenye viwiko 12, chagua pampu. Mwanafunzi anakokotoa upotevu wa msuguano, anafungua katalogi, anachagua. Anapata alama zote. Lakini umeme utakaoliwa na mtambo huo kwa miaka 20 ulikwisha kuamuliwa na mwandishi wa swali, pale alipoandika 100.

Liandike upya. Bakiza kiasi cha maji na sehemu mbili za kuunganisha, vingine vyote viwe huru. Mtiririko ukiwa uleule, upotevu wa msuguano unapungua takriban kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Ukitoka milimita 100 kwenda 120, upotevu unashuka hadi asilimia 40 hivi ya ule wa mwanzo. Ukienda 150, unabaki kama asilimia 13. Usiwaambie; waache wakokotoe. Darasani kwangu huwa panatokea kimya, kisha mtu anauliza: "Sasa kwa nini watu wanaweka mabomba membamba?"

Hapo ndipo somo linapoanza. Bomba nene ni ghali, lina nyenzo nyingi zaidi, na nyenzo hizo nazo zimekula nishati kutengenezwa. Kwa hiyo kipo kipenyo kinachofaa kuliko vingine, na kinategemea unahesabu muda gani. Anayehesabu bei ya kununua peke yake atafika kwenye bomba jembamba. Anayehesabu miaka 20 ya kuliendesha atafika kwingine. Wote wawili wametumia mlinganyo mmoja. Kisha ulizia vile viwiko 12. Mara nyingi vipo kwa sababu mtu alipanga matangi na mitambo kwanza, mabomba yakaja kupenya baadaye. Mwanafunzi akiruhusiwa kusogeza tangi, viwiko vinapungua na pampu inapungua.

Malizia kwa kurudi nyuma hadi kwenye mafuta. Tuseme kituo cha umeme kina ufanisi wa asilimia 35, nyaya za kusafirisha 92, mota 90 na pampu 70. Ukizidisha unapata kama asilimia 20. Maana yake kila uniti moja ya nishati uliyookoa ndani ya bomba imeokoa karibu uniti tano za mafuta mwanzoni mwa mnyororo. Wanafunzi wamefikiri kimifumo kwa saa mbili, na neno "mfumo" halijatajwa.

Chanzo cha pili ni alama. Uendelevu ukiwa na alama 5 kati ya 100, mwanafunzi mwenye akili ataupa dakika zake za mwisho, na huwezi kumlaumu. Kuzipandisha ziwe 15 hakusaidii, utapata aya nne badala ya mbili. Mimi nilizifuta kabisa, nikazihamishia kwenye swali hili: ulikataa chaguo zipi, na kwa hesabu gani? Asiyekuwa na chaguo alilolikataa hajabuni, amejaza fomu.

Dalili: "Hii ni siasa, siyo uhandisi"

Angalia mhadhara wako wa kwanza. Huenda ulianza na fasili ya Tume ya Brundtland, tume ya Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, ya mwaka 1987: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuathiri uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi mahitaji yao. Ni fasili ninayoiheshimu, lakini haina kipimo ndani yake, na mtu aliyelelewa kwenye milinganyo anaisikia kama mahubiri.

Anza na kemia. Kilo 100 za mawe safi ya chokaa zikichomwa hutoa kilo 56 za chokaa na kilo 44 za kaboni dioksidi. Tanuri bora haliibadilishi namba hiyo, wala umeme wa jua hauibadilishi, kwa sababu hewa hiyo inatoka ndani ya jiwe. Kisha uliza: basi mhandisi anaweza kupunguza nini? Watataja kiasi cha klinka (mawe ya chokaa yaliyochomwa pamoja na udongo, yanayosagwa kuwa saruji) ndani ya saruji, kisha kiasi cha saruji ndani ya zege, kisha unene wa slabu, kisha umbali kati ya nguzo, na mwishowe mmoja atauliza kama jengo lenyewe lilihitajika. Amefika kwenye maadili kwa miguu yake mwenyewe.

Ila usiwadanganye kwamba kila kitu kitaishia kwenye namba. Nani abebe gharama, na madhara ya miaka 80 ijayo yapewe uzito gani leo, hayo ni maswali ya thamani. Sema hivyo waziwazi. Wanafunzi huchukizwa zaidi na thamani iliyofichwa ndani ya hesabu kuliko thamani iliyotajwa.

Dalili: michoro ina mishale mingi, hitimisho hakuna

Kikundi kinabandika karatasi kubwa ukutani. Ina visanduku 30 na mishale 70, na msemaji anasema "kila kitu kimeungana na kila kitu". Ni kweli, na haimsaidii mtu yeyote kuamua lolote.

Soma majina ya visanduku: "Jamii", "Teknolojia", "Serikali". Hakuna kati ya hivyo kinachoweza kupanda au kushuka. Weka sharti moja: kila jina liwe la kitu unachoweza kukitamkia "zaidi" au "pungufu", na ikiwezekana kiwe na kipimo. Nusu ya visanduku itaanguka palepale. Sharti la pili: kabla ya kuchora mshale wowote, chora grafu ya jambo linalokusumbua jinsi lilivyobadilika kwa wakati. Mchoro uwepo ili kueleza grafu hiyo, na mshale usiosaidia kuieleza ufutwe.

Kitanzi, yaani mishale inayozunguka na kurudi ilikoanzia, ninachopenda kuanza nacho kinatoka kwenye karakana. Mitambo ikiharibika zaidi, saa za mafundi za dharura zinaongezeka. Saa za dharura zikiongezeka, saa za matengenezo ya kinga zinapungua. Hizo zikipungua, mitambo inaharibika zaidi. Majina matatu, mishale mitatu, na tayari unaona kwa nini kuongeza bidii kwenye dharura hakumtoi mtu ndani ya shimo, na ni wapi pa kukata. Mwanafunzi aliyewahi kufanya mafunzo kwa vitendo kiwandani huitambua mara moja. Wengine huitambua kwenye ratiba zao za kusoma.

Dalili: wanachanganya limbikizo na mtiririko

Limbikizo ni kiasi kilichojikusanya, mtiririko ni kasi ya kuingia au kutoka. Hii ndiyo dalili iliyojificha kuliko zote, kwa sababu wanafunzi wako wanajua kalkulasi na wewe pia unajua kwamba wanaijua. Wape jaribio hili bila onyo, kwa penseli na karatasi.

Tangi lina mfereji wa kuingiza na wa kutoa. Maji yanatoka lita 30 kwa dakika, daima. Yanaingia lita 50 kwa dakika kwa dakika 10 za kwanza. Kisha mfereji wa kuingiza unafungwa taratibu, kwa kasi isiyobadilika: dakika ya 30 yanaingia lita 30, dakika ya 50 yanaingia lita 10. Chora kiasi cha maji ndani ya tangi.

Wengi watachora kilele kwenye dakika ya 10, mfereji ulipoanza kufungwa. Kilele halisi kipo dakika ya 30. Dakika 10 za mwanzo zinaongeza lita 200, na dakika 20 zinazofuata, ijapokuwa mfereji unafungwa, zinaongeza lita 200 nyingine. Maji yanaanza kupungua pale tu kinachoingia kinapokuwa kidogo kuliko kinachotoka. Mwaka 2000, Linda Booth Sweeney na John Sterman walichapisha matokeo ya majaribio ya aina hii waliyowapa wanafunzi wa uzamili wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, wengi wao wenye msingi mzuri wa hesabu, na makosa yalikuwa mengi. Kwa hiyo usidhani darasa lako lina kasoro ya pekee.

Chanzo ni kwamba jicho linalinganisha maumbo: mtiririko ukishuka, tunachora limbikizo nalo likishuka. Kalkulasi ipo kichwani lakini hakuna aliyeiita. Tiba ni grafu za mkono, nyingi, kwa wiki kadhaa, kabla ya programu yoyote ya kompyuta. Programu huchora mkunjo sahihi, mwanafunzi akaridhika bila kuuelewa.

Wakishaiweza, wapeleke angani. Kaboni dioksidi ilipoanza kupimwa mfululizo kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa takriban sehemu 315 kwa milioni. Sasa imepita 420. Karibu nusu ya tunachotoa kila mwaka hubaki hewani, nusu nyingine huchukuliwa na bahari na nchi kavu. Waulize: uzalishaji ukigandishwa kwenye kiwango cha leo, kiasi kilichoko hewani kitafanya nini? Aliyeelewa tangi atajibu kwamba kitaendelea kupanda. Ambaye hajaelewa atasema kitatulia, na mtu huyo anaweza kuwa mshauri wa sera miaka 10 ijayo. Ndiyo maana silionei haya hata kidogo somo la tangi, hata kwa watu wanaojua milinganyo tofautishi.

Dalili: kwao ufanisi na uendelevu ni kitu kimoja

Tumewafundisha ufanisi kama uwiano, na uwiano haujui jumla. Mwanauchumi William Stanley Jevons aliliona hili mwaka 1865 alipoandika kuhusu makaa ya mawe ya Uingereza: injini za mvuke zilivyozidi kutumia makaa kidogo kwa kazi ileile, ndivyo zilivyopata matumizi mapya, na makaa yaliyochomwa yakaongezeka kwa jumla.

Rekebisha kwa kudai mistari miwili kwenye kila jibu: matumizi ya kifaa kimoja, na matumizi ya vifaa vyote vitakavyokuwepo. Lakini chunga wasije wakavuka upande wa pili na kusema ufanisi hauna maana. Si kila akiba huliwa yote na matumizi mapya. Mara nyingi huliwa sehemu tu, na kazi ya mhandisi ni kukadiria sehemu hiyo.

Dalili: vikundi viwili vimefanya tathmini ya mzunguko wa maisha, majibu yanapingana

Tathmini hiyo hujumlisha madhara ya bidhaa tangu malighafi hadi kutupwa. Darasa linakata tamaa: "Kumbe unaweza kuthibitisha chochote." Nenda moja kwa moja kwenye kipimo cha huduma walichotumia, yaani kiasi cha huduma ambacho kwa msingi wake bidhaa zinalinganishwa. Viwango vya kimataifa vya tathmini hiyo, ISO 14040 na 14044, vinaweka lengo na mawanda kama hatua ya kwanza kati ya nne, kabla ya kukusanya data, na ndiyo hatua ambayo wanafunzi huiruka ili wafungue programu haraka.

Wape rangi mbili za ukuta. Rangi A inahitaji lita 0.12 kwa kila mita ya mraba na inadumu miaka 5. Rangi B inahitaji lita 0.15 na inadumu miaka 10, ila madhara ya kila lita yake ni mara 1.4 ya A. Anayelinganisha lita kwa lita ataichagua A. Sasa uliza kilichonunuliwa hasa ni nini. Hakuna anayetaka lita. Anataka ukuta uliokingwa. Kwa mita moja ya mraba kwa miaka 20, A inapakwa mara 4, jumla lita 0.48. B inapakwa mara 2, lita 0.30, ambazo kwa madhara ni sawa na lita 0.42 za A. B imeshinda. Kisha sema jengo litabomolewa baada ya miaka 5, na B inashindwa. Namba zilezile, swali jingine. Vikundi vyako viwili pengine havipingani. Vimejibu maswali mawili bila kujua. Waandike swali lao kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa kwanza, kabla ya kugusa data, na wabadilishane sentensi hizo wazipinge.

Dalili: "Sisi tusingefanya kosa hilo"

Nilichelewa kuitambua dalili hii kwa sababu inafanana na mafanikio. Unasimulia maafa ya kihandisi, darasa linasikitika, na kila mmoja anatoka akiamini kwamba wa zamani walikuwa wazembe.

Mfano wa klorofluorokaboni, gesi za kupozea friji, unanisaidia. Friji za miaka ya 1920 zilitumia gesi kama amonia, dioksidi ya salfa na methili kloridi, na zikivuja ziliweza kuua. Thomas Midgley na wenzake walitafuta gesi isiyo na sumu wala isiyoshika moto, wakaipata. Ndani ya mpaka wa tatizo walilopewa, ilikuwa kazi bora. Ilipita zaidi ya miaka 40 hadi Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha, mwaka 1974, jinsi klorini yake inavyoweza kuharibu ozoni, na Itifaki ya Montreal ikatiwa saini mwaka 1987. Vivyo hivyo Bangladesh: kuanzia miaka ya 1970 visima vya bomba vilichimbwa kwa mamilioni ili watu waepuke vijidudu vya maji ya juu ya ardhi. Vipimo vya kawaida vya maji wakati ule havikuhusisha aseniki, na ukubwa wa sumu hiyo ulijulikana miaka ya 1990.

Usisimulie mwisho kwanza. Wape wanafunzi faili lenye taarifa zilizokuwepo mwaka 1930 tu, wachague gesi ya friji. Karibu wote huchagua ileile. Sasa, wakiwa wameshikwa na uamuzi wao wenyewe, waulize maswali matatu: ni ishara gani ya kwanza ingeonyesha kwamba tumekosea? Nani angeiona? Ingechukua muda gani kumfikia mwenye uwezo wa kubadili? Maswali hayo matatu ni kitanzi cha mrejesho pamoja na ucheleweshaji wake, na tangu nianze kuyadai kwenye kila mradi nimeona wanafunzi wakiweka mita, vituo vya kuchukulia sampuli na tarehe za kukagua upya ndani ya michoro yao.

Dalili: mchezo ulifurahisha, hakuna kilichobaki

Wengi wetu tunatumia mchezo wa mnyororo wa bia ulioanzia MIT: muuzaji wa rejareja, wa jumla, msambazaji na kiwanda. Mahitaji ya mteja yanapanda mara moja tu, kutoka kreti 4 kwa wiki hadi 8, kisha yanatulia hapo, lakini oda za kiwanda hupanda na kuporomoka vibaya. Kosa letu ni kufunua haraka siri hiyo ya mahitaji ya mteja, ambayo wachezaji walio mbali na mteja hawaioni. Kabla ya kufunua, kila mchezaji wa juu ya mnyororo achore anavyodhani mteja alikuwa akinunua. Watachora mawimbi. Bandika michoro hiyo ukutani, kisha chora mstari halisi juu yake, ulionyooka baada ya wiki chache za kwanza. Tenga muda sawa kwa mazungumzo na kwa mchezo. Saa moja ya kucheza na dakika 10 za kujadili ni burudani.

Dalili: kozi yako inajenga, nyingine sita zinabomoa

Hapa hakuna marekebisho ndani ya darasa lako. Mwanafunzi anayeona kwako mpaka wa tatizo ukijadiliwa, na kwa wengine wote ukiwa umefungwa, atahitimisha kwamba kwako ndiko kusiko kwa kawaida. Kuomba kozi mpya kwenye mtaala uliojaa huchukua miaka na huishia kwenye kamati.

Omba kitu kidogo zaidi: kipengele kimoja, (d), chini ya swali ambalo mwenzako tayari analitumia. Kwa mwalimu wa thamodainamiki: joto linalotupwa na kibadilisha joto hiki liko nyuzi ngapi, na ni shughuli gani ya karibu inayohitaji nyuzi hizo? Kwa mwalimu wa miundo: kila boriti imetumia asilimia ngapi ya uwezo wake, na ni tani ngapi za chuma zimewekwa ili boriti zote zifanane? Kwa mwalimu wa elektroniki: ni kijenzi gani kitakufa kwanza, na fundi anaweza kukitoa bila kuvunja vingine?

Nimewahi kukataliwa na mwenzangu mbele ya kikao kizima cha mtaala, kisha mtu huyohuyo akakubali kipengele (d) baada ya dakika tano kwenye korido, kwa sababu swali lilikuwa lake na hesabu ilikuwa ya fani yake. Nenda ukiwa umekwisha kukiandika, jibu lake likiwa limekokotolewa, pamoja na alama zake kwenye mwongozo wa kusahihisha.